Mwamuzi Asiyecheza: Seva ya Mashindano ya Programu za Go

Nguvu ya programu ya kompyuta inayocheza mchezo wa ubao haijulikani kwa kusoma maagizo yaliyomo ndani yake, bali kwa kuishindanisha na programu nyingine mara nyingi kadiri inavyowezekana. Kwa miongo kadhaa mashindano hayo yalihitaji watu kusafiri na kukutana: mwaka 1970 programu za sataranji zilishindana New York, na mwaka 1974, katika michuano ya kwanza ya dunia iliyofanyika Stockholm, programu ya Kisovyeti iitwayo Kaissa ilitwaa ubingwa kwa kushinda michezo yake yote minne. Michezo minne inatosha kumpata bingwa, lakini haitoshi kupima uwezo, kwa sababu bahati huwa na nafasi kubwa pale hesabu inapokuwa ndogo.

Upungufu huo ndio uliozibwa na seva za mashindano, yaani kompyuta zinazokaa kwenye intaneti usiku na mchana zikipokea programu, kuzipangia wapinzani na kuandika matokeo. Mfano unaofahamika vizuri ni CGOS, seva ya mchezo wa Go iliyotengenezwa na Mmarekani Don Dailey katika muongo wa kwanza wa karne hii. Go ni mchezo wa kale kutoka China, ambamo wachezaji wawili huweka kete nyeusi na nyeupe kwa zamu kwenye makutano ya mistari, kila mmoja akijaribu kuzingira eneo kubwa kuliko mwenzake. Ubao kamili una makutano 361, na ule mdogo wa mistari 9 kwa 9 una makutano 81.

Katika mpango huo programu haziwekwi ndani ya seva. Kila moja hubaki kwenye kompyuta ya mtungaji wake, ikituma hatua zake na kupokea za mpinzani kwa itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano uliokubaliwa na pande zote, wenye amri fupi za maandishi kama vile kuandaa ubao, kuweka kete mahali fulani au kudai hatua inayofuata. Itifaki hushughulikia hata mambo yanayoonekana madogo: safu za ubao wa Go hutajwa kwa herufi, lakini herufi I hurukwa, na programu isiyojua hilo itaweka kete zake pasipokusudiwa. Njia hii hupunguza gharama za seva, ingawa maana yake pia ni kwamba kinachopimwa ni programu pamoja na kompyuta inayoiendesha.

Ugumu mkubwa wa kutengeneza seva ya namna hii hauko katika kucheza, bali katika kuamua. Wanadamu wanapomaliza mchezo wa Go hukubaliana kwa mazungumzo ni kete zipi zimekufa, yaani haziwezi tena kuepuka kutekwa, kisha huziondoa na kuhesabu. Programu mbili zaweza kutofautiana kabisa juu ya jambo hilo, na seva isiyo na ustadi wa mchezo haiwezi kuzisuluhisha. CGOS ilikata shauri kwa kanuni kavu: kila kete iliyopo ubaoni mchezo unapoisha huhesabiwa kuwa hai, hivyo programu inayodai kuwa kete za mpinzani zimekufa hulazimika kuziteka kabla ya kumaliza. Seva hukagua pia uhalali wa kila hatua na hulinda saa, kwa kuwa pasipo kikomo cha muda programu iliyokwama ingemzuia mpinzani wake bila mwisho.

Matokeo hugeuzwa kuwa viwango kwa mfumo wa Elo, uliopewa jina la Arpad Elo, mwanafizikia wa Marekani mwenye asili ya Hungaria. Katika mfumo huo tofauti ya alama 200 humaanisha kuwa mwenye kiwango cha juu hutarajiwa kupata takribani asilimia 76 ya pointi. Kwa kuwa alama hizo hulinganisha tu, seva huteua programu ya nanga, ambayo kiwango chake hakibadilishwi, ili orodha nzima isipeperuke kadiri miaka inavyopita. Wingi wa michezo nao ni wa lazima: programu mbili zenye uwezo sawa zikicheza mara 100 bila sare, uwezekano wa mojawapo iliyotajwa mapema kushinda mara 55 au zaidi ni takribani asilimia 18, na mtungaji mwenye haraka angeweza kuidhania bahati hiyo kuwa maendeleo.

Faida ya kipimo hicho ilidhihirika mwaka 2006, wakati watafiti walipokuwa wakijaribu mbinu ya kukadiria ubora wa hatua kwa kuendesha maelfu ya michezo ya kubahatisha hadi mwisho. MoGo, programu ya Kifaransa iliyotumia mbinu hiyo, ilishika nafasi ya kwanza kwenye CGOS kuanzia Agosti mwaka huo, na hoja ambayo ingebishaniwa kwa maneno ikapata jibu la hesabu.

Mchezo wa bao la Kiswahili, wenye mashimo 32 na kete 64, nao ungeweza kupata seva kama hiyo, mradi kanuni zake ziandikwe bila kuacha mwanya. Watafiti wameonyesha kuwa katika bao zipo hatua ambazo usambazaji wa kete haukomi kamwe. Barazani wazee wangelimaliza jambo hilo kwa busara, lakini mwamuzi wa seva hana busara ya kuazima, na kila asichoandikiwa mapema hukikuta mchezo ukiwa umekwisha kukwama.