Mpime Mwenzio Kabla ya Kuingia Naye Nyumba ya Mtu

Mnamo Machi 21, 1947, polisi wa New York waliitwa katika nyumba ya ndugu wawili wa Harlem, Homer na Langley Collyer. Njia zote zilikuwa zimezibwa na magazeti, masanduku na takataka. Homer alikutwa amekufa siku ile ile. Langley hakuonekana hadi Aprili 8, amefunikwa na marundo yake mwenyewe, hatua chache tu kutoka pale alipofia nduguye. Zaidi ya tani 100 za vitu ziliondolewa.

Zamani hali hiyo iliitwa uchafu au ubahili. Tangu mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wanaihesabu kuwa ugonjwa wenye jina lake. Huko, kampuni za usafi hushirikiana na wataalamu wa kupanga nyumba: kampuni huchukua taka, na mtaalamu huketi na mwenye nyumba wakachambua kitu kimoja kimoja. Lakini kazi hii haidai leseni. Yeyote aweza kujiita mtaalamu. Ndiyo maana yafaa kumpima kwanza.

Kwanza, aulizwe amesomea nini juu ya ugonjwa huu. Hodari wa kupanga makabati si lazima amweze mgonjwa anayelilia gazeti kuukuu. Taasisi iitwayo Institute for Challenging Disorganization imetoa kipimo cha daraja tano cha hali ya nyumba. Asiyekifahamu atakadiriaje hatari ya moto, kuvu na panya?

Pili, nani mwenye kauli ya mwisho ya kutupa? Jibu la haki ni mwenye mali. Anayejigamba kumaliza kazi kwa siku moja, mwenyewe hayupo, aogopwe. Mgonjwa aliyenyang'anywa vitu vyake mara nyingi hujaza nyumba upya, wala hamfungulii mlango msaidizi wa pili.

Tatu, yaandikwe mapema: malipo, bima, siri, ruhusa ya kupiga picha, na nani atapokea fedha na hati zitakazofukuliwa katika marundo.

Mwisho, apewe chumba kimoja cha majaribio, nawe utazame anavyosema na mwenyeji, kuliko anavyokunja nguo.

Nawe msomaji mwenye mzazi wa namna hii, usimwachie kijana yeyote mwenye ufagio na nguvu. Haraka haraka haina baraka. Chumba husafishwa kwa siku moja, bali imani iliyovunjwa hairudi upesi hivyo.