Jiko Bora, Nyumba Baridi

Ukimuuliza mama wa Isecheno mbona bado anakoka moto kwenye mafiga ilhali jiko la Upesi liko pale pale jikoni, usitarajie akujibu habari za chakula. Huenda akakuambia watoto wanaota moto. Wanaoleta miradi ya majiko hulisikia jibu hilo kama ukaidi. Mimi nalisikia kama taarifa ya hitilafu: kifaa kilichokuwa na kazi mbili kimeondolewa, kikaletwa cha kazi moja.

Isecheno imo katika msitu wa Kakamega, upande wa Shinyalu, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na nyingi hunyesha alasiri, kwa radi na mara nyingine mvua ya mawe. Februari mabati huwaka mchana kutwa. Julai usiku blanketi moja halitoshi. Nyumba inahitaji kupozwa na kupashwa joto, pengine siku ile ile, na hakuna anayenunua mashine ya kufanya hayo. Mashine ni jiko, ukuta na paa, na kama mashine yoyote, zinataka kukaguliwa.

Kwanza moto. Kilo moja ya kuni kavu ikiteketea kwa saa moja hutoa joto la kilowati 4 au zaidi kidogo, kiasi cha hita nne za umeme za wati 1,000. Kwenye mafiga, sehemu inayoingia ndani ya sufuria mara nyingi haifiki hata moja ya tano. Inayobaki hupiga kuta, hupasha miguu ya waliokaa, na kubwa zaidi hupanda na moshi ikatokea upenyoni mwa paa. Upesi, gamba la udongo wa kuchoma linalojengewa tope pembeni, huukusanya moto chini ya sufuria. Asili yake ni kazi iliyofanywa miaka ya 1980 na Wizara ya Nishati, shirika la Kijerumani la GTZ na chama cha Maendeleo ya Wanawake, ndiyo maana wengine huliita jiko la Maendeleo. Likitumiwa vizuri hupunguza kuni karibu nusu. Na kuni zikipungua nusu, joto la chumba nalo hupungua. Hapo hakuna muujiza wala siri.

Basi nani alaumiwe? Si jiko. Msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1933, na leo anayeokota kuni zilizokauka hulipia kibali kwa Huduma ya Misitu. Mzigo wa kichwa unaookolewa ni fedha na ni mgongo wa mtu. Tena moshi wa jikoni si wa kufanyiwa mzaha: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Jiko libaki. Kazi ya kupasha nyumba joto ndiyo ipewe mwingine, na kabla ya hapo tuhakikishe jiko lenyewe ni zima, kwa sababu mengi niyaonayo ni mabovu na wenyewe hawajui.

Angalia mahali sufuria inapokalia. Juu ya gamba kuna vinundu vitatu, na kati ya ukingo wa jiko na kitako cha sufuria panatakiwa nafasi ya unene wa kidole kidogo hivi. Moto hupumulia hapo. Vinundu vikilika kwa miaka ya kusonga ugali, na kusonga ugali ni kazi ya nguvu, sufuria hushuka ikaziba. Moshi hukosa njia ya juu, ukarudi kwa kutokea mdomoni mwa jiko. Mpishi akiona moto umefifia huongeza kuni. Kuni zikijaa mdomoni hewa huzidi kukosa. Kitako cha sufuria hupakaa masizi mazito, na jioni husemwa jiko hili ni la bure. Tiba yake ni vipande vitatu vya kigae vilivyobandikwa kwa udongo. Ni kazi ya nusu saa na haigharimu shilingi.

Mdomo nao huvunjwa na gogo linalosukumizwa kwa nguvu. Pasua kuni ziwe nene kama kifundo cha mkono, usipitishe hapo. Zoa majivu kila asubuhi, maana yakipanda huziba hewa inayoingia chini ya moto. Fundi akiweza kukuwekea kijukwaa cha bati au kigae ndani ya mdomo, kuni zilale juu yake na hewa ipite chini, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Wazo hilo ndilo lililomo kwenye majiko ya roketi, ambayo mhandisi Mmarekani Larry Winiarski alianza kuyabuni mwaka 1982.

Ufa mwembamba kwenye gamba usikutishe. Tope la pembeni linalishikilia. Ufa wa tope lenyewe uchokoe kwa msumari hadi upanuke, uloweshe, kisha ujaze udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwa. Saruji hapana. Saruji hushikana kwa maji iliyoyafunga ndani yake, na moto huyafukuza maji hayo; baada ya muda utabaki na unga.

Halafu kuni zenyewe. Mkaratusi uliokatwa juzi unaweza kuwa na uzito wa maji karibu sawa na uzito wa mti. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula joto zaidi ya mara sita ya lile la kuichemsha tu kutoka nyuzi 20, na joto hilo linatoka kwenye moto wako kabla chai haijachemka. Zipange kuni zilizopasuliwa chini ya paa, upande upepo unakopita, zikae miezi kadhaa. Mpera, ambao huku umejiotea hadi pembezoni mwa msitu, ukikauka huwaka kwa utulivu kuliko miti mingi inayosifiwa.

Sasa chumba cha kulala. Bati ni jembamba. Usiku usio na mawingu hupoteza joto kwa kulielekeza angani hadi likawa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Unyevu wa pumzi za waliolala hugusa bati, hugeuka matone, na alfajiri mtu huamka akidhani paa linavuja. Kabla ya kumwita fundi abadilishe misumari, tazama kama hayo maji huonekana hata usiku usio na mvua. Dawa ni dari: silingibodi kwa mwenye nacho, mkeka wa matete kwa asiye nacho, ikiachwa hewa kati yake na bati. Dari hiyo hiyo, saa nane mchana, huzuia joto la bati lisikushukie kichwani. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachofanya kazi zote mbili. Ila usiiweke juu ya moto wa jikoni, na upenyo wa juu ya ukuta usiuzibe kabisa: utie wavu wa mbu, hewa iendelee kupita.

Kuna njia moja ya kupasha chumba ambayo lazima ikataliwe wazi. Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala, hata likiwa limekolea na halitoi moshi. Hapo ndipo lina hatari zaidi, kwa sababu kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na waliofunga mlango kwa ajili ya baridi hulala wasiamke. Chupa ya raba ya maji moto chini ya blanketi hutosha kwa mtoto, mradi kifuniko chake kikazwe na chupa ifungwe kitambaa isimchome.

Wenye mtungi wa gesi wa kilo 6 wajue pia kwamba gesi hupika haraka na kuipasha nyumba kidogo sana. Mpira wake upakwe povu la sabuni mara kwa mara; panapotoa mapovu pana tundu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hukusanyika sakafuni, hivyo dirisha la juu pekee halitoshi, mlango nao ufunguliwe kabla ya kuwasha kiberiti.

Fedha zikiwa za kazi moja tu mwaka huu, mimi ningeanza na vinundu na kuni kavu, ambavyo havina bei, kisha dari ya chumba cha watoto, na jiko jipya mwisho. Kazi ya udongo ifanywe Januari au mwanzoni mwa Februari. Tope la jiko linahitaji wiki mbili hivi za kukauka lenyewe bila kukokewa moto mkubwa, na Machi ikifika mvua hazitakupa nafasi hiyo.