Je, Wajua? Paris, Mlima Kenya na Maji ya Tana

Maji ya kahawia ya mto Tana yapitayo Garsen kuelekea Kipini huanza safari yake Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Mlima huo uliwahi kuchorwa na Mfini aliyesomea Paris, Akseli Gallen-Kallela, aliyefika Kenya na mkewe na watoto wawili mwaka 1909.

Paris ndiyo iliyozaa kundi la wachoraji walioitwa Waimpreshenisti. Aprili 1874, Claude Monet, Renoir, Degas, Pissarro, Sisley na Bi Berthe Morisot walionyesha kazi zao katika studio ya zamani ya mpigapicha Nadar. Monet alileta alfajiri ya bandari ya Le Havre: jua dogo la rangi ya chungwa, ukungu, mashua zilizochorwa kwa mipigo michache ya brashi. Mhakiki Louis Leroy alidhihaki kwamba hata karatasi ya ukutani isiyomalizika imekamilika kuliko picha ile. Kejeli yake juu ya neno “impression” katika jina la picha hiyo ndiyo iliyolipa kundi jina.

Kilichowawezesha kuchorea nje ni kitu kidogo tu: tyubu ya bati ya rangi, aliyoibuni Mmarekani John Rand mwaka 1841.

Gallen-Kallela hakuwa Mwimpreshenisti. Rangi zake ni kali mno kwa jina hilo. Lakini naye alichorea juani, na kwa takriban mwaka mmoja na nusu akiwa Kenya alitoa picha zipatazo 150. Aliporudi kwao alizibeba. Nyumba yake huko Espoo, Ufini, sasa ni makumbusho.