Bogenvilia: ua la nyumbani lisilotaka maji mengi wala haraka

MWENYE nyumba wa Dodoma anayetaka maua uani hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: maji yatatoka wapi? Mvua za mkoa huo ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida ni milimita 500 hadi 600 hivi. Miezi inayobaki ni ya jua kali na upepo. Maua mengi yanayonunuliwa wakati wa mvua hunyauka kiangazi kinapokolea, na fedha zilizotumika hupotea.

Hata hivyo, lipo ua moja ambalo kiangazi hakiliui, bali hulipa rangi. Ni bogenvilia, kichaka chenye miiba kinachoonekana kwenye kuta na malango ya nyumba nyingi nchini. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamishia shughuli zake Dodoma, nyumba mpya zimejengwa kwa wingi, na kila uwanja mtupu ni mteja wa miche. Lakini muuzaji na mnunuzi wasipoijua tabia ya mmea huu, wote wawili watapata hasara.

Asili ya bogenvilia ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea kutoka Ufaransa, Philibert Commerson, aliikusanya Rio de Janeiro mwaka 1767 akiwa katika safari iliyoongozwa na Louis-Antoine de Bougainville, ambaye jina lake ndilo lililopewa mmea huo. Kinachoitwa ua, chenye rangi ya zambarau, nyekundu, nyeupe au chungwa, kwa kweli ni majani maalumu, membamba kama karatasi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, na limejificha katikati. Majani hayo hayadondoki upesi kama petali, na ndiyo maana rangi hudumu kwa wiki kadhaa.

Kupanda na kutunza

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua, ili mche ushike kabla ya kiangazi. Mahali pachaguliwe panapopata jua kwa muda usiopungua saa 6 kwa siku, kwani kivulini bogenvilia huota majani tu. Shimo la sentimita 45 kwenda chini na upana kama huo linatosha, na udongo wake wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri. Kwa anayetaka ua wa kuzuia mifugo, nafasi ya mita 1 hadi 1.5 kati ya mche na mche inafaa.

Mizizi ya bogenvilia ni dhaifu na hukatika kwa urahisi. Kiriba kisivutwe wala kupigwapigwa, bali kichanwe kwa wembe na mche uwekwe shimoni pamoja na bonge lake la udongo. Miche mingi hufa kwa kosa hili, na lawama humwangukia muuzaji.

Katika kiangazi cha kwanza mche umwagiliwe mara mbili kwa wiki. Baada ya mwaka, umwagiliwe pale tu udongo unapokauka. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaona mmea hauna maua, wanaongeza maji na kuweka urea. Matokeo yake ni matawi marefu ya kijani bila ua hata moja, na bili ya maji juu yake. Maji yanapotuama, mizizi huoza.

Kazi kubwa inayobaki ni kupogoa. Maua hutokea kwenye machipukizi mapya, hivyo matawi yakatwe mara baada ya maua kuisha, kwa mkasi mkali na glovu nene kwa sababu ya miiba.

Hesabu ya muuza miche

Kwa mwenye kitalu, matawi yanayopogolewa ndiyo mbegu. Vipandikizi vichukuliwe kwenye matawi yaliyokomaa kiasi, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Majani ya chini yaondolewe, kipandikizi kichomekwe kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, kisha kiwekwe kivulini na unyevu wa wastani.

Baada ya wiki chache machipukizi hujitokeza, na muuzaji mwenye haraka huona mali imeiva. Si kweli. Kipandikizi huweza kutoa majani kwa chakula kilichokuwa ndani ya kijiti, hali mizizi bado haijaota. Kikihamishwa au kuuzwa wakati huo, hufa. Mizizi huchukua kati ya wiki 6 na 12, na dalili ya kuaminika ni kuiona ikichungulia kwenye matundu ya kiriba.

Subira hiyo ina thamani ya fedha. Mathalani, mtu ametumia Sh60,000 kwa viriba, udongo, samadi na maji ili kuotesha vipandikizi 200. Kwa haraka atasema kila mche umemgharimu Sh300. Lakini iwapo miche 120 tu ndiyo iliyofika sokoni, gharama halisi ni Sh500 kwa mche, kabla ya kuhesabu nguvu zake. Akiuza kwa Sh400 akidhani anapata faida, anakula mtaji. Kila mwenye kitalu aweke bei za eneo lake, lakini agawanye gharama kwa miche iliyouzwa, si kwa iliyochomekwa.

Aidha, aina za zambarau huota mizizi kwa urahisi kuliko nyeupe na zenye rangi mchanganyiko. Anayeanza aanze na zambarau, na kila kiriba kiandikwe rangi yake, kwani miche isiyo na maua hufanana. Mteja aliyeahidiwa nyeupe akapata zambarau hatarudi.

Uzuri wa biashara hii ni kwamba mche usionunuliwa leo hauozi kama nyanya. Ukipata jua na maji kidogo utaendelea kukua, na siku utakapotoa maua, rangi yake ndiyo itakayomwita mteja.