Mbale: viwanda vipo, mafundi watoke wapi?

Mfanyabiashara anayevuka Malaba kwenda Mbale huuliza bei, ushuru na hali ya barabara. Mara chache huuliza nani ataitengeneza mashine ikikwama, ingawa hapo ndipo mzigo wake unapochelewa.

Katika Divisheni ya Industrial, Mbale, lipo eneo la viwanda la Sino-Uganda lenye ekari 619, lililozinduliwa mwaka 2018 na kuendelezwa na kampuni ya Tian Tang. Kibarua wa kufungasha hupatikana getini asubuhi. Fundi umeme au fundi mitambo hapatikani hivyo. Hukaa chuoni miaka miwili au zaidi, kwa hiyo anayemhitaji lazima aseme mapema.

Jinja inalijua jambo hili. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, na kiwanda cha nguo cha Nytil kikaanzishwa wakati huohuo. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, mji uliwapoteza wenye viwanda na wataalamu kwa pamoja. Mashine zilibaki, wa kuziendesha wakapungua.

Leo mipango ipo, tena mingi. Kitaifa kulikuwa na sheria ya elimu ya ufundi ya 2008, mpango wa Skilling Uganda wa 2012, kisha sheria mpya ya 2025. Kisekta yaliundwa mabaraza ya stadi yanayowakutanisha waajiri, chini ya mradi wa dola milioni 100 za Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2015.

Tatizo ni ngazi hizi kutosikilizana. Chini ya mradi huo, chuo cha ufundi cha Elgon, kilichopo Mbale penyewe, kilipangiwa ujenzi; uzalishaji wa viwandani ukapelekwa Bushenyi, magharibi kabisa ya nchi. Huenda sababu zilikuwepo, lakini kijana wa Bugisu anayetaka kazi ya kiwandani avuke nchi nzima?

Dawa si ngumu. Kiwanda kiseme mashine gani inakuja, lini, na inahitaji mafundi wangapi. Divisheni ikusanye taarifa hizo, baraza la sekta lijumlishe, wizara ndipo igawe kozi na fedha. Bila hivyo mwajiri atamtafuta fundi Kenya, na Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, linampa nafasi hiyo. Mzigo utatoka kwa wakati, naye kijana wa Mbale ataendelea kuubeba hadi kwenye lori.