Wingi wa DNA Katika Viumbe

DNA ni kemikali inayobeba maagizo ya urithi. Katika mimea na wanyama, sehemu yake kubwa imo ndani ya kiini cha seli. Kiasi kidogo kimo katika mitokondria na, kwa mimea, katika kloroplasti pia. Bakteria hawana kiini, hivyo DNA yao imo katika sitoplazimu. Seli nyekundu za damu ya kuku zina kiini, bali za binadamu hukipoteza zikomaapo. Kwa sababu hiyo DNA ya damu ya mtu hupatikana hasa katika seli nyeupe.

Je, kiumbe chenye umbo tata zaidi huwa na DNA nyingi zaidi? Bakteria aitwaye *Escherichia coli* ana jozi za besi zipatazo milioni 4.6. Binadamu, katika seti moja ya kromosomu, anazo bilioni 3.1. Hata hivyo, kitunguu kinazo takriban bilioni 16. Na kamongo wa Afrika Magharibi, jamaa wa kamongo wa Ziwa Victoria, anazo bilioni 40, kama ilivyotangazwa mwaka 2021.

Tofauti hiyo haitokani na wingi wa jeni. Kwa binadamu, sehemu inayoagiza utengenezaji wa protini haizidi asilimia 2 ya DNA yote. Kwa kamongo, ziada ni hasa vipande vilivyojinakili tena na tena katika mamilioni ya miaka. Basi urefu wa DNA pekee hautoshi kuwapanga viumbe kwa daraja. Sharti zichunguzwe jeni zenyewe na jinsi zinavyotumika.