Nauli Isile Chakula cha Watoto

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni nauli ya kwenda kazini. Shilingi elfu hamsini zikitoka mkononi kwa mara moja, mtu huzihesabu, tena huzihesabu mara mbili. Lakini mia sita ikitoka asubuhi, na mia sita tena jioni, huenda zake kama maji katika mtungi wenye ufa. Husikii sauti ya kumwagika, ila ukienda kuchota wakuta mtungi mtupu.

Twasema hasa na ndugu zetu wakaao Dar es Salaam. Mji ule umetanuka sana. Watu hutafuta chumba mbali kwa kuwa kodi ya mbali ni nafuu, na kazi nyingi zimebaki Kariakoo, Posta na bandarini. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lakini mabasi yake hayakuwatosha watu. Mwaka 1983 wenye magari yao wakapewa ruhusa ya kuchukua abiria. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ile watu waliiita dala. Basi makonda wakapaza sauti, “Dala! Dala!” na jina la daladala likabaki hata leo. Mwezi wa Oktoba 2012 likaanza garimoshi la abiria wa mjini, na mwezi wa Mei 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni. Njia zimeongezeka, lakini nauli nayo imepanda. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa njia isiyozidi kilomita 10 iliongezwa kutoka shilingi 500 hadi 600. Katika hesabu zetu hapa tutaishika hiyo 600. Msomaji ambaye nauli yake ni nyingine, na aiweke yake mahali pake.

Yuko bwana mmoja tumjuaye, fundi wa kupaka rangi, akaa Tandika na mkewe na watoto watatu, naye kazi yake iko Upanga. Jioni moja walitujia wote wawili, nyuso zimewakunjamana. Deni la dukani lilikuwa limefika mahali ambapo mwenye duka hakutaka tena kuwakopesha hata kibaba cha unga. Mama akasema mbele yetu, “Baba watoto, mshahara wapokea, wala pombe hunywi. Fedha zakwenda wapi? Kama una nyumba nyingine, niambie leo mbele ya wazee.” Yule bwana akainama, akasema, “Mama, sina nyumba nyingine. Naenda kazini, narudi, basi.”

Tuliona ya kuwa wote wawili wasema kweli, na ya kuwa jambo hili lisipopata dawa litavunja nyumba. Tukaomba bakuli la mahindi na mkeka. Tukamwambia fundi, “Kila nauli moja ni punje moja. Tuonyeshe safari yako ya jana.”

Akaweka punje ya kwanza, akaona haya kuieleza. Asubuhi magari hujaa, naye huchoka kusimama. Basi hupanda gari liendalo mwisho wa njia, akalipa, akakaa kitini, kisha akageuka nalo kwenda mjini. Watu wa Dar es Salaam huita hivi kugeuza na gari. Punje ya pili ni Tandika mpaka Kariakoo. Ya tatu ni Kariakoo mpaka Upanga. Jioni punje mbili za kurudi. Jumla punje tano, yaani shilingi 3,000 kwa siku.

Tukamwambia, “Sasa weka za mwezi, siku 26 za kazi.” Akahesabu, mkewe akimsaidia, na mkeka ukajaa punje 130. Ni shilingi 78,000. Wakanyamaza kitambo. Kisha mama akahesabu deni la dukani kwa punje vilevile, nalo likawa fungu dogo kuliko lile la nauli. Akasema polepole, “Kumbe ndiyo nyumba nyingine yenyewe.”

Basi tukaanza kuondoa punje. Toka Kariakoo mpaka Upanga ni mwendo wa kilomita kama mbili, na mtu mzima mwenye afya aweza kwenda kilomita tano kwa saa moja. Fundi akakubali kuutembea asubuhi na jioni. Zikatoka punje mbili za kila siku. Akakubali kuamka nusu saa mapema kabla magari hayajajaa, asigeuze tena. Ikatoka punje moja. Zikabaki mbili kwa siku, yaani 52 kwa mwezi, shilingi 31,200. Zilizookolewa ni shilingi 46,800. Mama akazikusanya zile punje 78 katika kanga yake, asiseme neno.

Hatusemi ya kuwa fundi yule amekuwa tajiri. Wakati wa masika kuna siku ambazo mvua humshinda, naye hulipa punje ya tatu. Lakini mwezi wa pili deni la dukani lilikwisha, na maneno ya nyumba nyingine hayajasikika tena.

Kwa habari hiyo twapenda kuwaachia wasomaji wetu mashauri machache.

Kwanza, hesabu kabla ya kulaumu. Wengi hujua kodi ya chumba chao, bali hawajui nauli yao ya mwezi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Pili, angalia safari fupi, maana hiyo ndiyo ghali. Nauli ya daladala haipungui kwa kuwa umekaa kitini kidogo. Aendaye kilomita mbili na aendaye tisa, wote hulipa 600. Basi kama safari yako ni ya magari mawili, usitembee ile ndefu ukajichosha. Panda ndefu, tembea fupi.

Tatu, jihadhari na bodaboda ya kumalizia njia. Mara nyingi ile pikipiki ya kukutoa kituoni mpaka mlangoni huchukua fedha nyingi kuliko daladala lililokuleta toka mjini. Siku ya mzigo, ya ugonjwa, au ya usiku mwingi, ipande bila kujuta. Isiwe desturi ya kila siku.

Nne, kabla ya kuhama, weka kodi na nauli katika fungu moja. Tuseme kuna chumba cha mbali cha shilingi 40,000, nacho kina safari ya magari mawili kwenda na mawili kurudi. Nauli ni 62,400 kwa mwezi, na jumla 102,400. Kuna chumba kingine cha 65,000, lakini gari ni moja kwenda na moja kurudi. Nauli ni 31,200, na jumla 96,200. Kile kilichoonekana ghali ndicho nafuu, tena baba au mama afika nyumbani watoto hawajalala.

Tano, fikiri habari ya baiskeli. Kama yauzwa shilingi 200,000, nawe waokoa 31,200 kila mwezi, mwezi wa saba imejilipa. Lakini weka akiba ya pancha na breki, ununue taa na kufuli, na upite njia zisizo na malori. Baiskeli isiyo na breki si akiba.

Sita, siku ya mshahara tenga nauli ya mwezi mzima kabla ya kununua kitu kingine, uiweke mbali na fedha ya matumizi. Akopaye nauli kila asubuhi hupoteza fedha na heshima pamoja. Tena wake wa nyumba tatu au nne waendao sokoni kununua kwa jumla na wachangie kirikuu au guta moja, kuliko kila mmoja kulipia nauli yake na ya gunia lake.

Hata hivyo kuna akiba isiyofaa, nasi hatupendi mtu yeyote aseme ya kuwa ameipata katika ukurasa huu. Kupanda bodaboda watatu au wanne, ile iitwayo mshikaki, nauli yake ni ndogo na hasara yake ni mguu au uhai. Kuning'inia mlangoni mwa daladala ni vivyo hivyo. Kutembea juu ya reli kwa kukata njia kumeua watu wazima wenye akili zao. Mwanamke asitembee peke yake gizani ili kuokoa mia sita. Na atafute wenzake wa njia moja, au alipe. Mtoto wa shule asinyimwe nauli yake akabaki kituoni mpaka usiku. Wala kujificha nyuma ya abiria ili konda asikuone si kubana matumizi; ni kumwibia mtu ambaye naye jioni hupeleka hesabu kwa tajiri wake, na kipunguacho hulipa yeye.

Tena twawaambia akina baba: ukiamua kutembea, mwambie mkeo. Tumeona mtu aliyetembea mwezi mzima kwa siri ili aokoe fedha, na nyumbani akadhaniwa kuwa ana mambo yake kwa sababu ya kuchelewa. Jasho lililofichwa halimletei mtu shukrani. Nanyi akina mama, baba akija na miguu yenye vumbi, mpeni maji kwanza, maswali yafuate.

Haba na haba hujaza kibaba. Hili twalisema kila siku. Lakini yatupasa kukumbuka ya kuwa haba na haba pia hukimaliza, na mtu asione. Basi leo jioni, chakula kikiisha kuliwa, tandikeni mkeka, chukueni punje za mahindi, mkahesabu safari zenu za jana, baba na mama pamoja, watoto wakitazama. Punje mtakazoziondoa, ziandikeni. Kisha mwisho wa mwezi mzitazame tena.